Mjusi Aliyefika Muleba kwa Simu

Mara ya kwanza kuona mifupa ikicheza nilikuwa nimetoroka prepu. Ilikuwa 2007, nikiwa kidato cha pili, kwenye banda la video pale Muleba mjini: mabenchi ya mbao, mashuka meusi dirishani, jenereta nje likinguruma kwa sababu umeme wetu ulitoka Uganda na ulikuwa na tabia zake. Kiingilio shilingi 200. Filamu ilikuwa Night at the Museum, iliyotoka mwaka mmoja kabla. Mnaikumbuka: mlinzi mpya wa usiku kwenye makumbusho ya New York anarudi kutoka kuzunguka na kukuta jukwaa la dinosaria liko tupu. Anasikia maji. Anageuka, na kumbe kiunzi kizima cha mifupa kimeinama kinakunywa maji kwenye bomba la wageni, maji yanaingia mdomoni na kumwagikia sakafuni kwa kuwa hakuna tumbo la kuyapokea.

Watu wa Kagera wa rika langu watakumbuka kwamba filamu kama hizi hazikutufikia kwa Kiingereza. Nyingi zilivuka mpaka wa Mutukula zikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiganda juu ya sauti ya waigizaji, na kwa kuwa Kiganda na Kihaya ni ndugu, tuliokota nusu na nusu nyingine tukajazia wenyewe. Mtafsiri wa siku ile alikuwa fundi. Mlinzi anakimbia, dinosaria anamfukuza ukumbi mzima, sote tumeshika roho, mpaka inapobainika kwamba mnyama hataki kumla mtu. Anataka arushiwe mfupa. Anauleta mdomoni, anauweka chini, anatikisa mkia, yaani mbwa kabisa. Na yule mtafsiri akampa jina papo hapo: Jajja. Babu. Jajja anataka mfupa wake, mrushieni Jajja! Banda zima lilianguka kwa kicheko.

Mimi pia nilicheka. Lakini nilirudi bwenini na kitu kinanikera ambacho sikuweza kumweleza mwenzangu yeyote. Nyumbani kwetu, neno mifupa halikuwa la kuchekea. Nitafika huko.

Tendaguru nilikutana nayo shuleni kwa sentensi moja tu: mabaki ya mjusi mkubwa kuliko wote duniani yaligunduliwa Lindi na Wajerumani. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, tukaenda kwenye somo lingine. Mjusi. Mpaka leo magazeti yetu yanasema hivyo, na bungeni wanasema hivyo, na mimi nimeandika hivyo mara kadhaa kwa sababu mhariri alisema dinosaria ni neno refu kwa kichwa cha habari. Sasa ukisema mjusi, mtu wa Muleba anafikiria yule wa ukutani anayekula mbu karibu na taa. Nadhani neno lenyewe limetusaidia kutokujali. Nani atapigania mjusi?

Oktoba 2019 nilipelekwa Berlin kwa mafunzo ya wiki mbili ya waandishi wa habari. Jumamosi moja tukapewa mapumziko. Wenzangu walikwenda kununua majaketi, mimi nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Naturkundemuseum, nikatembea hatua chache hadi Invalidenstraße namba 43. Nililipa kiingilio kumwona Mtanzania mwenzangu. Niliona jambo hilo linachekesha, nikamwambia msichana wa tiketi. Hakucheka.

Ukipita mlango tu, yuko mbele yako. Hakuna maandalizi. Ukumbi una paa la kioo, na yeye amesimama katikati, shingo imeinuka juu, juu, mpaka inabidi urudi nyuma ili uone kichwa kinaishia wapi. Mita 13.27. Ni kama ghorofa nne. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kifua kipana, mgongo umeteremka kama paa la msonge upande mmoja. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, ingawa vitabu vya zamani vinamwita Brachiosaurus. Aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Ndiye kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani, na alisimamishwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Sijui ni malezi au ni upweke wa ugenini, lakini shikamoo ilinifika kooni, nikaimeza.

Halafu nikaziona darubini. Ukumbi ule ulipofunguliwa upya mwaka 2007 baada ya ukarabati, waliweka mitambo mfano wa zile darubini za watalii za kutazamia bahari. Unaielekeza kwa mnyama, unaweka macho. Mwanzoni unaona mifupa ile ile iliyo mbele yako. Kisha mifupa inaanza kujazwa: viungo vya ndani, misuli, ngozi. Ukuta wa Berlin unayeyuka, unakuwa msitu na anga. Mnyama anageuza shingo. Anapiga hatua. Anang'oa majani, anatafuna. Muda si mrefu anarudi kuwa mifupa, na unabaki unatazama ukuta.

Mwaka ule ule, 2007, huko Muleba mimi nilikuwa nacheka Jajja wa New York kwa Kiganda. Na Berlin, mifupa ya Lindi ilikuwa imeanza kutembea.

Nilirudia mara nne. Nyuma yangu foleni ya watoto ilizidi kurefuka, kijana mmoja akanivuta koti, mama yake akamkanya kwa Kijerumani nami nikaelewa kila neno bila kujua hata moja. Mara ya tano niliweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini nikarekodi. Picha ilitoka na duara jeusi pembeni na mkono wangu ulitetemeka, lakini anaonekana: anajaa nyama, anageuka, anakula.

Niliporudi nyumbani Dar ndipo nilipoanza kusoma kwa uchu. Nilianza na kitabu cha Gerhard Maier, African Dinosaurs Unearthed, cha mwaka 2003, kinene kama tofali. Kwa wasomaji wa blogu hii ninaowajua kwa kupenda vitabu vinene, kitafuteni. Kisha nikasikia habari za Dinosaurierfragmente, kitabu cha Kijerumani cha 2018 ambacho watafiti wake waliuliza swali ambalo kwa miaka mingi halikuulizwa sana: nani alichimba?

Kifupi, mwaka 1906 mhandisi wa kampuni ya madini, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umetokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka pwani. Wenyeji, Wamwera, walikuwa wanaishi na mifupa hiyo siku zote. Tendaguru, kwa Kimwera, ni kilima chenye mteremko mkali. Lakini angalieni mwaka. 1906 vita vya Maji Maji bado havijaisha. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamechoma mashamba na maghala kusini yote, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Katika nchi hiyo hiyo, kwa watu hao hao, mwaka 1909 wakaja wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig wakiwa na kazi ya kutoa. Eneo likatangazwa kuwa ardhi ya dola ya Kijerumani, ili mifupa isiwe na mwenyewe mwingine.

Kazi iliendelea hadi 1913. Katika misimu mikubwa wachimbaji na wabebaji walifikia takriban 500. Mifupa ilipakwa udongo, ikafungwa kwa vipande vya mianzi ili isivunjike, ikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, siku nne njiani. Jumla yake ilikuwa zaidi ya tani 200. Hebu tusimame hapo kidogo. Tani 200, kwa vichwa vya watu. Nikiwa mdogo nilibeba ndoo ya maji kutoka mtoni kupanda mlima hadi nyumbani na nilidhani nimeonewa.

Msimamizi mkuu wa kazi pale aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua kutenganisha mfupa na udongo bila kuuumiza, na Wajerumani walimtegemea. Mwingine aliitwa Mohammadi Keranje. Nawataja kwa sababu sayansi ilichelewa sana kuwataja. Mwaka 1919 dinosaria mdogo wa Tendaguru alipewa jina la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia Afrika Mashariki. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo mnyama mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Keranje hadi 2019, mwaka ule niliosimama ukumbini: Wamweracaudia keranjei, jina ambalo ndani yake wamo yeye na Wamwera wote. Ni majina ya Kilatini ambayo mjukuu wa Keranje hawezi kuyatamka bila kuuma ulimi, lakini yapo.

Jambo lililonishika zaidi halikuwa hilo. Lilikuwa hili: yule mnyama anayesimama Berlin si mtu mmoja. Nasema mtu, nisameheni. Sehemu kubwa ni ya dinosaria mmoja aliyepatikana Tendaguru, lakini palipopungua walijaza kwa mifupa ya wengine. Mkia ni wa mwingine. Pingili za shingo na za mgongo wa mbele zilikuwa nzito na dhaifu mno kupandishwa juu, kwa hiyo kule juu kuna nakala za plasta. Kichwa kinachowatazama watoto ni nakala. Na huko stoo za makumbusho yamebaki mafurushi ya mianzi kutoka Lindi ambayo hayajafunguliwa mpaka leo, zaidi ya miaka 100. Mafundi wameyapiga picha za mionzi kuona kilichomo.

Nilisoma hayo nikiwa Sinza, usiku, feni inalia. Nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimemkumbuka mjomba.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo. Iliruhusiwa kubeba watu 430, na waliokufa peke yao ni mamia kupita idadi hiyo kwa hesabu nyingi zinazotajwa. Nilikuwa na miaka sita. Mjomba, kitindamimba wa mama, alipanda Kemondo na mikungu mitano ya ndizi na begi la chuo. Hakuonekana tena. Siku zile wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza, makaburi ambayo nimeyatembelea mara mbili kikazi na mara moja si kikazi. Inawezekana yuko pale. Inawezekana yuko ziwani.

Kwa asiyetufahamu, niseme hivi. Mhaya akifia Dar, anarudishwa zaidi ya kilomita 1,300 kuja kulala kwenye kibanja, chini ya migomba ya babu zake. Watu wanauza shamba la kahawa kulipia gari la msiba. Wenzetu wa mikoa mingine wanatucheka, wanasema ni majivuno. Majivuno yapo, sikatai, lakini siyo hapo. Kibanja bila kaburi la wako ni shamba tu, unaweza kuliuza. Chenye kaburi hakiuziki, maana utamuuza na aliyelala humo.

Bibi alingoja miezi miwili. Halafu akaagiza ukatwe mgomba. Shina lenye urefu wa mtu mzima, lichaguliwe lililonyooka. Wakalivika shati la mjomba, la mikono mirefu, na suruali yake ya Jumapili, wakalifunga kwa shuka, wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, wakazika. Nililiona kwa macho yangu. Wanaume walibeba mgomba ule taratibu, kwa adabu, kama una uzito ambao haukuwa nao, na mmoja alipojikwaa watu wakashtuka kama kweli angemwangusha mtu. Nilimuuliza mama kama mjomba amekuwa mgomba. Alinipiga kofi, kofi la kwanza na la mwisho ninalolikumbuka kwake, kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Ndiyo maana Jajja anayerushiwa mfupa alinikera nikiwa na miaka 17. Sisi tulikuwa na kaburi lisilo na mifupa, na mtu alikuwa na mifupa mingi mpaka anaichezea.

Desemba 2019 nilikwenda Muleba kwa Krismasi kama kawaida. Ndege hadi Bukoba, pale uwanja unapoishia ziwani, usiku mmoja kwa rafiki, asubuhi Noah hadi Muleba, na kutoka barabara ya lami bodaboda hadi nyumbani. Senene walikuwa wameanguka vizuri mwaka ule. Jioni tuliketi jikoni, mama anakaanga, mimi na mtoto wa dada, msichana wa miaka minane, tunang'oa mabawa. Nikatoa simu.

Mtoto alitazama mara moja, akaitaka simu, akatazama tena. Akauliza, "Mjomba, ni katuni?" Nikamwambia mifupa ni ya kweli, nyama ni ya kuchorwa. Akafikiri. "Anacheza na nani?" Nikasema hachezi na mtu, anakula majani tu. "Si anageuka? Anamwita mtu." Akarudisha nyuma, akanionyesha kwa kidole chenye mafuta ya senene: pale shingo inapogeuka. Kwa kweli inafanana na mtu aliyesikia jina lake.

Mama alikuwa amesikiliza bila kugeuka. Akasema, "Lete nione."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na uso kama wanavyofanya watu wazima, akatazama yote. Hakusema kitu. Akaniuliza katoka wapi. Lindi, nikasema, huku kwetu. Nani alimpeleka? Nikamweleza Wajerumani, mianzi, siku nne njiani, mizigo kichwani. Mama alizaliwa enzi za Mwingereza, na kwa bibi yake alisikia habari za Mjerumani aliyejenga boma Bukoba, kwa hiyo hakushangaa sana. Alishangaa kuhusu malipo. "Waliobeba walilipwa?" Walilipwa ujira wa kibarua, nikasema. "Na wenye kilima?" Nikanyamaza. Akaitikia kwa ile sauti ya puani ambayo kila mtoto wa Kihaya anaifahamu, inayomaanisha nimeelewa na sijapenda.

Kisha nikaongeza, kwa kujionyesha tu, ile mbwembwe ya mtu aliyesoma kitabu kinene: kwamba kichwa kile kule juu si chake. Ni cha plasta. Na mkia ni wa mwingine.

Mama akaacha kukoroga.

"Si chake?"

"Si chake, mama. Walitengeneza, ili apate kusimama."

"Kama mgomba," akasema.

Alisema hivyo tu, akarudi kwenye sufuria. Mtoto aliuliza mgomba gani, hakuna aliyemjibu. Katika miaka 23 ile ilikuwa mara ya kwanza mama kuutaja mgomba ule mbele yangu.

Nimekuwa nikilifikiria neno lake tangu siku hiyo, na bado halijatulia. Mwanzoni nilidhani anawaonea huruma Wajerumani, kwamba nao walikuwa na kitu pungufu wakakijaza ili kisimame. Baadaye nikaona haiwezekani. Bibi alijaza kaburi kwa sababu ziwa lilimnyima mtu wake. Berlin ilijaza kiunzi kwa sababu ilikuwa na wengi mno na ilitaka mmoja mzuri wa kuonyesha. Bibi alificha alichotengeneza chini ya udongo, wao walikiweka chini ya taa. Lakini mama hakuwa anazungumzia Berlin. Nadhani alikuwa anasema kwamba hata kitu kisicho cha kweli kinaweza kubebwa kwa adabu, na kwamba yeye anajua tofauti. Au hakumaanisha lolote, senene walikuwa wanaanza kuungua.

Sasa, suala la kumrudisha. Nikiwa mwandishi wa habari najua linavyokwenda. Kila baada ya muda mbunge anasimama kuuliza mjusi wetu atarudi lini, au angalau Lindi itapata nini, makofi yanapigwa, na jibu la serikali linafuata njia ile ile: gharama ya kumbomoa, kumsafirisha, kumjengea nyumba na kumtunza ni kubwa, basi tushirikiane na Wajerumani kwa utafiti na utalii. Mwaka 2018 waziri wa mambo ya nje alisema wazi kwamba Tanzania haitadai arudishwe. Niliandika habari hiyo, maneno 400, bila maoni. Leo nina maoni, na si yale niliyoyatarajia. Sioni kwamba mnyama yule lazima ang'olewe kesho. Mita 13 za mifupa iliyonusurika mabomu ya Vita ya Pili kwa kushushwa na kufichwa chini ya jengo, huwezi kuzipakia kama mikungu ya ndizi pale Kemondo. Kwenye ile filamu ya banda la video kuna sheria moja: kiumbe cha makumbusho kikikutwa nje jua linapochomoza, kinageuka vumbi. Wanaosema mifupa ni dhaifu haiwezi kusafiri wananikumbusha sheria hiyo. Inawezekana ni kweli. Ila haikuwa dhaifu ilipokuwa inabebwa kichwani kwenda Lindi.

Ninachokataa ni lile jibu la gharama kuwa jibu pekee. Kwetu mtu hakuulizi kumrudisha marehemu ni bei gani kabla hajakuuliza anaitwa nani na ni wa nani. Na yale mafurushi ya mianzi ambayo hayajafunguliwa? Hayo hayajasimamishwa, hayana plasta, hakuna mtoto anayeyapangia foleni. Yamefungwa na mikono ya watu wa Lindi na hayajawahi kuguswa na mwingine ndani yake. Ningekuwa mbunge ningeacha mjusi mkubwa pembeni kwa muda, nikauliza kuhusu hayo. Furushi moja tu lifunguliwe Lindi, mbele ya wajukuu wa waliolifunga, na mtaalamu wa Kitanzania ashike brashi.

Septemba 2023 mama alinipigia simu asubuhi, jambo ambalo halifanyi isipokuwa kuna msiba. Nilipokea na moyo mkononi. Alikuwa amesikia redioni kwamba Berlin, mji ule ule, mafuvu ya watu wa Tanzania yamepimwa vinasaba na familia za Wachaga zimepatikana, ndugu wa damu wako hai. Habari ilikuwa ya kweli. Taasisi moja ya Berlin ilikuwa imechunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na kati ya machache yaliyolingana na watu walio hai, moja lilikuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Moshi aliyenyongwa mwaka 1900 na ambaye fuvu lake familia inalitafuta mpaka leo. Miezi miwili baadaye rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha wa Maji Maji.

Mama hakutaka maelezo yangu yote hayo. Alitaka jambo moja.

"Wanaweza kujua mfupa ni wa nani hata baada ya miaka 100?"

"Wanaweza, mama. Wakiupata."

"Hata ukiwa umekaa majini?"

Nikamwambia ni vigumu. Nikamwambia Igoma labda, huko ardhini, kama siku moja mtu angeamua, lakini hakuna aliyeamua. Akawa kimya. Nilisikia jogoo, nikasikia pikipiki inapita barabara ya juu, nikajua ameketi kwenye kile kigoda cha nje, upande wa nyuma, pale panapoonekana migomba ya bibi. Shina lile lilishaoza zamani, bila shaka. Lakini mgomba haufi, unaacha watoto pembeni, na pale walipozika pameota shina kubwa, ndizi zake huwa haziuzwi, zinaliwa nyumbani.

"Ile video ya mjusi," akasema, "bado unayo?"

Nilikuwa nayo.

"Nitumie tena. Ile simu ya zamani iliharibika, na huyu mtoto ananisumbua anaitaka."

Nikamtumia. Muda mfupi baadaye tiki zikawa za bluu. Akanipigia tena, nikadhani ni kuhusu mjomba. Alitaka kujua kama nimesikia bei ya kahawa mwaka huu.